SOMO LA UDEREVA: KUJARIBIWA WAKATI WA MVUA KATIKA NCHI YA CHAI

Vijana wengi wa Kericho na Bomet, wanaume kwa wanawake, hujifunza kuendesha motokaa ili wapate kazi au waweze kuwasaidia jamaa zao. Hujifunza kwa majuma kadhaa, hulipa ada, hukariri alama za barabarani, kisha huingojea siku ya kuketi kando ya mtahini. Wakati huo wote wengi wao huwa na hofu moja ambayo hawaisemi kwa sauti: je, mvua ikinyesha siku ile, itakuwaje?

Swali hili ni la haki, kwa kuwa anayeshindwa hupoteza fedha na siku zake, na labda kazi aliyokuwa ameahidiwa. Somo hili lataka kulijibu. Jibu lenyewe kwa ufupi ni hili: mvua haibadili mambo yanayotazamwa na mtahini, bali huyaonyesha wazi zaidi. Ajuaye kwenda polepole, kuacha nafasi mbele yake, na kusimama anapoona hapafai kuendelea, hana sababu ya kuiogopa mvua. Asiyeyajua mambo hayo matatu, hata akijaribiwa siku ya jua kali, bado hajawa dereva.

1. KWA NINI MVUA HAIKWEPEKI

Mji wa Kericho uko kadiri ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Upepo wenye unyevu hutoka upande wa Ziwa Victoria, hupanda milima, na kukutana na upepo utokao mashariki. Hapo mawingu hujikusanya, na mvua hunyesha. Kwa hiyo mara nyingi asubuhi huwa na jua, lakini ikifika saa nane au saa tisa mchana ngurumo husikika na maji hushuka. Katika mashamba ya chai mvua ya mwaka mzima hufika kadiri ya milimita 2,000. Miezi ya Desemba, Januari na Februari huwa na ukavu zaidi, lakini hata hiyo haina ahadi.

Tena nchi hii ina mvua ya mawe kuliko sehemu nyingi za dunia. Mawe hayo huyapasua majani ya chai na kuwatia wakulima hasara kubwa, hata katika miaka ya 1960 wataalamu walijaribu kuyazuia kwa kurusha roketi za kulipuka mawinguni. Roketi hizo hazikuimaliza mvua ya mawe, na mpaka leo dereva wa Kericho aweza kuikuta barabara imekuwa nyeupe kwa muda wa dakika chache.

Kumbuka pia kwamba mvua hiyo hiyo ndiyo iletayo majani mabichi. Chai iliyochumwa haiwezi kulala kituoni ikingoja jua. Ni lazima ifike kiwandani upesi kabla haijaharibika. Kwa hiyo malori ya viwanda kama Litein, Kapkatet, Momul na Kapkoros hupita katika njia za vijijini mvua inyeshe isinyeshe. Basi kijana wa nchi hii atakaye leseni hawezi kujichagulia siku kavu. Akipata leseni leo, huenda kesho akapewa lori katika matope.

2. MVUA HUMFANYA NINI DEREVA

Mvua humwondolea dereva vitu vitatu.

Kwanza, humwondolea macho. Kioo cha mbele hujaa maji, na vioo vya ndani huingia ukungu kwa sababu ya pumzi za watu waliomo. Vioo vya pembeni navyo hujaa matone. Mtu aliyevaa nguo nyeusi na kujifunika karatasi ya plastiki kichwani haonekani mpaka umemkaribia.

Pili, humwondolea mshiko wa magurudumu. Katika ukavu mpira wa gurudumu hushikana na lami. Katika mvua maji huingia katikati yao. Mifereji iliyochongwa katika mpira ni ya kuyafukuza maji hayo, na mpira ulioisha mifereji hauwezi kuifanya kazi hiyo. Dereva akienda mbio juu ya maji mengi, gurudumu hupanda juu ya maji kama mtumbwi, na usukani huwa mwepesi ghafula kana kwamba haukufungwa na kitu. Hatari nyingine ni mvua ya kwanza baada ya siku za jua, maana vumbi na mafuta yaliyomwagika barabarani huchanganyika na maji machache na kuwa utelezi. Kadhalika majani na magamba ya mikaratusi iliyopandwa kando ya njia yakianguka na kulowa, huteleza kama sabuni.

Tatu, humwondolea nafasi ya kufikiri. Motokaa iendayo kilomita 50 kwa saa hupita kadiri ya mita 14 kwa sekunde moja. Ikienda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22. Kitabu cha kanuni za barabara cha Uingereza huonyesha kwamba motokaa iendayo kadiri ya kilomita 48 kwa saa yahitaji mita 23 ili isimame katika ukavu. Nayo iendayo kilomita 80 yahitaji mita 53. Kitabu hicho hicho chafundisha kwamba barabara ikiwa imelowa, nafasi hiyo huzidi angalau mara mbili. Maana yake, dereva wa kilomita 80 ahitaji zaidi ya mita 100, yaani zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira. Na hapo tumemhesabia kuwa ana mipira mizuri, breki nzima, na hana usingizi.

Ipo njia nyepesi ya kupima nafasi bila kipimo cha mita. Tazama gari lililo mbele yako linapopita mti au kibao cha kituo cha chai. Anza kuhesabu: mia na moja, mia na mbili, mia na tatu, mia na nne. Kila hesabu ni kadiri ya sekunde moja. Katika ukavu usiufikie mti ule kabla ya sekunde mbili kwisha. Katika mvua, kabla ya sekunde nne. Ukiufikia mapema, punguza mwendo. Mtahini aliye kando yako huiona nafasi hiyo bila kukuuliza.

3. KABLA YA SIKU YA MTIHANI

Kosa la wanafunzi wengi ni kwamba mvua ikianza, husema, "Mwalimu, turudi, tutaendelea kesho." Walimu wengine nao hukubali ili motokaa isichafuke. Hivyo mwanafunzi hufika kwenye mtihani akiwa hajapata hata siku moja kuzitumia waipa, yaani vile vifuta maji vya kioo. Afadhali umwombe mwalimu wako kwa heshima: "Mwalimu, leo mvua inanyesha, naomba unifundishe katika mvua hii." Saa moja katika mvua ya wastani, mwalimu akiwa kando yako na vibao vya L vikiwa mbele na nyuma, ina faida kuliko saa nyingi za jua.

Jifunze kila kitu cha ndani ya motokaa mpaka mkono wako ukipate bila macho kukitafuta: kiwashio cha waipa na mwendo wake wa polepole na wa haraka, kiwashio cha taa, feni ya kupuliza hewa kwenye kioo, na taa za kuonyesha upande. Vitu hivi haviko mahali pamoja katika kila motokaa. Kama utajaribiwa kwa motokaa usiyoizoea, omba uoneshwe vyote kabla ya injini kuwashwa.

Pia usiache kusoma. Kuendesha motokaa bila leseni ni kuvunja Sheria ya Barabarani, iliyotungwa mwaka 1953 na kurekebishwa mara nyingi tangu hapo. Kazi ya kuwatahini madereva nchini Kenya zamani ilikuwa mikononi mwa polisi. Baada ya sheria ya mwaka 2012 iliiangukia Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, ambayo watu huiita NTSA. Mtahiniwa huulizwa maana ya alama na utaratibu wa njia kwenye ubao wa mji wa mfano, kisha hupelekwa barabarani. Aliyeyashika vema maswali ya ubaoni huingia ndani ya motokaa akiwa na moyo uliotulia.

4. SIKU YENYEWE, KABLA YA KUONDOKA

Ondoka nyumbani mapema. Atokaye Silibwet au Longisa asitegemee kwamba matatu itakwenda upesi katika mvua. Anayefika akihema na nguo zikitiririka maji huanza mtihani akiwa amekwisha shindwa nusu.

Fuata utaratibu huu:

(a) Izunguke motokaa. Tazama mipira, taa na waipa. Futa vioo na taa kwa kitambaa kikavu. Kazi hii ni yako hata kama mvua inakunyeshea.

(b) Pangusa viatu. Udongo mwekundu wa nchi ya chai ukilowa hushikamana na soli, na mguu huteleza juu ya klachi au breki. Jambo hili ni dogo, lakini huweza kuleta hasara kubwa. Chukua kitambaa cha zamani mfukoni kwa kazi hiyo, wala usivae viatu vya mvua vyenye soli nene sana ambavyo havikuwezeshi kuisikia pedali.

(c) Ukiisha kuketi, rekebisha kiti na vioo, funga mkanda, na uhakikishe kwamba mtahini naye amefunga wake.

(d) Ondoa ukungu wa vioo kwa feni, au fungua dirisha kidogo. Usiondoke ukiwa unachungulia katika tundu ulilofuta kwa kiganja.

(e) Washa taa za mbele, hata kama ni mchana. Taa hizo si za kukusaidia wewe kuona tu; ni za kuwasaidia wengine wakuone.

Ukifanya hayo yote bila haraka, mtahini amekwisha jua mengi juu yako kabla magurudumu hayajazunguka. Usiogope kwamba unampotezea wakati. Asiyetaka kupoteza dakika tatu kabla ya safari huenda akaipoteza safari yote.

5. NJIANI

Kuondoka mlimani. Kericho na Bomet ni nchi ya vilima, na jaribio la kuondoka kwenye mwinuko huwatisha wengi. Katika mvua fanya vile vile kama katika ukavu, ila kwa upole zaidi. Vuta breki ya mkono, ingiza gia ya kwanza, na uachie klachi taratibu mpaka usikie sauti ya injini imebadilika na motokaa inataka kwenda. Tazama vioo vyote, kisha ushushe breki ya mkono. Usikanyage petroli kwa nguvu. Magurudumu yakizunguka mbio mahali penye utelezi hayaendi mbele. Huchimba na kuupeleka mkia wa motokaa upande wa mtaro.

Kushuka. Barabara itokayo Kericho kwenda Kapsoit, Awasi na Ahero huteremka kutoka milimani mpaka uwanda wa Kano. Njia nyingi ndogo katikati ya mashamba ya chai nazo huteremka kwa ukali zaidi mpaka mtoni. Ingiza gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, si baada ya mwendo kuzidi. Gia ndogo huufanya injini ikusaidie kuizuia motokaa, na breki hazichoki. Kamwe usiitoe gia ili motokaa ijiendee yenyewe kwa kuokoa petroli. Petroli inayookolewa ni ya senti chache, na gharama yake huweza kuwa maisha ya watu.

Kukata kona. Punguza mwendo ungali katika njia iliyonyooka, kata kona bila kukanyaga breki, kisha ongeza mwendo kidogo kidogo ukiisha kutoka. Anayekanyaga breki katikati ya kona iliyolowa huyataka magurudumu yafanye kazi mbili kwa wakati mmoja, nayo hayawezi.

Madimbwi. Usiingie katika dimbwi ambalo hujui kina chake, maana chini yake huenda pana shimo. Ikiwa ni lazima upite, pita polepole sana. Ukiisha kutoka, kanyaga breki kidogo mara mbili au tatu ili zikauke na ujue kwamba zinashika. Tena tazama watu walio kando. Mama aliyebeba kikapu cha chai na mtoto aendaye shuleni wana haki ya kufika bila kumwagiwa maji machafu. Mtahini mwema huiona adabu ya dereva katika jambo kama hili.

Watu na pikipiki. Mvua ikinyesha, waendao kwa miguu huinamisha vichwa na kukimbia, wala hawasikii injini kwa sababu ya kelele za maji. Wapanda pikipiki za bodaboda nao hukata njia ghafula ili kutafuta mahali pa kujikinga. Karibu na vituo vya kununulia chai, masoko na njia panda kama Kaplong, inua mguu kutoka kwenye petroli mapema. Sheria ya Kenya hairuhusu kupita kilomita 50 kwa saa mjini, lakini alama ya 50 haikuamrishi ufike 50. Ikiwa barabara yakutaka uende 25, kwenda 25 ndiko kutii sheria.

Barabara za udongo. Shika usukani kwa mikono miwili bila kuukaza. Tumia gia ndogo na mwendo ulio sawa. Usikate usukani ghafula, usikanyage breki ghafula, usiongeze petroli ghafula. Neno "ghafula" ndilo adui wa dereva katika matope. Ukifika mtoni ukakuta maji yanapita juu ya daraja, simama. Maji yaendayo kwa nguvu yenye kina cha sentimita 30 huweza kuielea motokaa ndogo, na yakifika sentimita 60 huweza kuchukua magari mengi, makubwa kwa madogo. Hakuna mtahini mwenye akili atakayekulaumu kwa kugeuka.

6. MOTOKAA IKITELEZA

Wazee walisema, kuteleza si kuanguka. Motokaa ikianza kuteleza, bado una nafasi ya kuirudisha, kama hutashtuka. Inua mguu kutoka kwenye petroli. Usikanyage breki kwa hofu. Tazama mahali unapotaka kwenda, wala si mtaro unaouogopa, kisha uelekeze usukani upande huo kwa upole. Magurudumu yakishika tena, nyoosha usukani.

Motokaa nyingi za siku hizi zina kifaa katika breki cha kuzuia magurudumu yasikwame. Ukikanyaga breki kwa nguvu wakati wa hatari, utaisikia pedali ikitetemeka chini ya mguu. Usiogope wala usiiachie. Ndiyo kazi ya kifaa hicho. Lakini kifaa hiki hakiwezi kuupa mpira ulioisha mshiko ambao hauna tena. Nchini Uingereza sheria yataka mifereji ya mpira wa motokaa iwe na kina kisichopungua milimita 1.6, na huko madereva wengi hubadili mipira kabla haijafika hapo.

7. UJASIRI WA KUSIMAMA

Sasa tumefika kwenye jambo kubwa kuliko yote. Tuseme umekwisha kuondoka na mtahini, umeingia katika barabara ya katikati ya mashamba, na mara mvua ya mawe inaanguka. Waipa zinakwenda upesi kabisa, lakini huoni kitu ila weupe. Ufanye nini?

Wengi huendelea kwa kuogopa kwamba wakisimama watahesabiwa kuwa wameshindwa. Hilo ni kosa. Punguza mwendo, onyesha kwa taa kwamba unakwenda kushoto, tafuta mahali pana palipo nje ya njia, wala si chini ya mkaratusi unaoweza kuanguka, kisha useme:

"Bwana mtahini, sioni njia vema. Naomba nisimame hapa kando mpaka mawe yapungue."

Au akiwa ni mwanamke: "Mama, naomba tusimame kidogo; njia haionekani."

Simama, vuta breki ya mkono, na uwashe taa za tahadhari, zile ziwakazo na kuzima pande zote. Neno hilo moja lamwonyesha mtahini kwamba unajijua, unaijua motokaa, na unajali roho yake na yako. Huenda akasema mngoje kidogo, huenda akasema mtihani uahirishwe. Uamuzi huo ni wake. Wajibu wako ni kusema kweli juu ya yale uyaonayo.

Katika nchi nyingine pia desturi ni hiyo. Uingereza, ambako mtihani wa udereva ulifanywa kuwa wa lazima mwaka 1935, mitihani huahirishwa wakati wa theluji, barafu, ukungu mzito au mafuriko. Lakini mvua ya kawaida haiahirishi mtihani huko, wala hapa haifai kuwa sababu ya kukimbia. Dereva ni lazima ajue kutofautisha mvua ya kuendeshea na mvua ya kungojea. Mwenye elimu hiyo amepata nusu ya udereva.

8. KWA NINI TUNASISITIZA

Labda msomaji atasema kwamba tunalikuza jambo dogo. Akumbuke jioni ya tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, kwenye barabara kuu iunganishayo Nakuru na Kericho. Lori lililokuwa likielekea Kericho liliacha njia likayagonga magari mengine, pikipiki, na watu waliokuwa wakifanya biashara zao kando ya barabara. Watu zaidi ya 50 walikufa. Akumbuke tena tarehe 10 Oktoba 2018, karibu na Fort Ternan, basi lilipoacha njia katika mteremko na kubingirika kabla ya mapambazuko, na watu zaidi ya 50 wakapoteza maisha.

Hatusemi kwamba mvua ndiyo iliyosababisha misiba hiyo. Twaitaja kwa sababu nyingine: milima na miteremko ya nchi hii haisamehe gari lisiloweza kuzuiwa, na wanaolipa mara nyingi ni watu ambao hawakuwa hata ndani ya gari. Walikuwa wakiuza mboga, au wakingoja matatu ya kuwapeleka nyumbani. Mtahini anapokutazama katika mvua huwa akiwafikiria watu hao. Yeye akikupa leseni, ni kama anawaambia wauzaji wa njia panda: "Huyu aweza kupita karibu nanyi."

Kwa hiyo ukishindwa siku ya mvua, usimkasirikie mtahini wala usiilaumu mawingu. Mwulize kwa adabu ni jambo gani lililopungua, uliandike, kisha urudi kwa mwalimu wako ujizoeze hilo. Wala usikubali mtu akuambie kwamba leseni hununuliwa kwa njia ya mkato. Leseni ya namna hiyo haitakusaidia siku utakapoteremka na lori lililojaa, njia imelowa, na watoto wa shule wanavuka mbele yako.

Na ukifaulu siku ya mvua, furahi, maana umefaulu mara mbili. Lakini usijivune. Mwenda pole hajikwai, na dereva mzuri hajulikani kwa wepesi wa kufika. Hujulikana kwa kuwa alifika, na kila aliyekutana naye njiani alifika pia.

MASWALI KWA WANAOJIFUNZA

Yajibu maswali haya peke yako, kisha uyalinganishe majibu yako na somo, au mjadiliane na wenzako na mwalimu.

1. Taja vitu vitatu ambavyo mvua humwondolea dereva.

2. Motokaa iendayo kilomita 80 kwa saa hupita mita ngapi katika sekunde moja? Katika sekunde nne je?

3. Kwa nini ni lazima kupangusa viatu kabla ya kuingia katika motokaa?

4. Gia ndogo huingizwa wakati gani katika mteremko, na kwa sababu gani?

5. Motokaa ikiteleza, macho yako yatazame wapi?

6. Eleza tofauti ya mvua ya kuendeshea na mvua ya kungojea, kwa mfano wa barabara iliyo karibu na kwenu.